Gurupu Inayozima Ikishiba

Gasenyi, Bujumbura
12 Februari 2024

Mjomba Huseni,

Assalamu alaykum. Barua hii anakuletea Tajudini wa basi la Kigoma, na nimemwomba aiweke mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Sisi hapa tunaendelea. Mama magoti yanamsumbua lakini bado anasali wima. Binti yangu Mwanasiti meno mawili ya mbele yameng'oka na hataki kucheka mbele ya watu. Shakuru mume wangu anakusalimu sana. Kazi yake ya kuchomelea mageti imepungua kwa sababu ya umeme, ila hatujalala njaa. Na masikio yako je? Saliha aliniambia kwamba sasa hata adhana huisikii mpaka akuguse bega. Alitaka nimtumie ujumbe kwenye simu yake akusomee. Nikakataa. Nitakayokuambia sitaki yapite kinywani mwa mtu mwingine, hata awe binti yako.

Mjomba, naogopa.

Unaikumbuka gurupu ya kliniki yetu, ile jenereta ya kijani uliyokuwa ukiitengeneza mwenyewe kabla hujahamia Ujiji. Tarehe 29 mwezi uliopita, saa kumi jioni, mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Docteur Jovithe, mkurugenzi wetu, alikuwa anampasua mama mmoja aitwaye Bella, mtoto amekaa vibaya. Fundi wetu Rénovat akawasha gurupu, ikawaka vizuri. Baada ya dakika chache ikaanza kukohoa, ikazima. Akahangaika nayo zaidi ya nusu saa. Mtoto alitolewa hai, wa kike. Lakini Bella aliendelea kuvuja damu, mashine ya kufyonza imesimama, kile chumba hakina dirisha, watu wanamulika kwa simu. Umeme uliporudi alikuwa ameshakufa.

Rénovat, uliyemfundisha kazi kwa mikono yako, yuko kasho, mahabusu ya polisi. Wanasema alikuwa anaiba mazutu, ile dizeli ya gurupu, na kwa kuiba akaiharibu mashine. Alikutwa nyuma ya gurupu ana bido, dumu la plastiki, mazutu yamemwagika mpaka kwenye viatu vyake. Siku hizi mjini mazutu yanatafutwa kama dawa, kwa hiyo kila mtu aliamini.

Sasa docteur amenikabidhi gurupu mimi, eti kwa kuwa ni mtunza stoo na nilikulia kwenye karakana yako Buyenzi. Mi nilikuwa nakupokeza spana tu! Inawaka, inazima, na ikizima haitaki kuwaka tena. Kila siku tuna wanawake wawili watatu wa kujifungua. Nikiona wingu limetanda juu ya milima, nakimbilia kwenye gurupu. Niambie nianzie wapi. Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua kitu.

Mpwa wako,
Assia

*

Ujiji
25 Februari 2024

Mpwa wangu Assia,

Waalaykum salaam. Tajudini alinikuta kibarazani nachambua dagaa, akanipa barua na mtandio uliotuma. Mtandio Saliha ameuchukua, akasema wa mzee hauna maua. Wajukuu wazima. Masikio yangu yamekwenda, namshukuru Mungu macho yamebaki. Miaka arobaini nimelala kichwa kando ya injini. Sikio moja limebaki na mlio kama wa nyuki, la pili halina hata huo.

Nimesoma habari ya Bella mara tatu. Mungu amrehemu, na amlinde mtoto wake.

Nisikilize. Usiiogope mashine. Dizeli anataka vitu vitatu: nguvu ya kumzungusha, hewa ya kuvuta, na mazutu safi yasiyo na povu. Ukibonyeza kitufe anazunguka upesi? Basi batri ni nzima, iache. Anazunguka upesi lakini hawaki? Basi njaa yake ni ya mazutu. Fuata mpira wa mazutu kutoka kwenye tanki kwenda mbele, kama unavyofuata mfereji kutafuta mahali ulipoziba.

Chini ya filta kuna kikombe cha kioo. Kifungue, umwage maji. Mazutu ya siku hizi yanakuja kwenye mabido ya kila aina, maji hayakosi. Filta ibadilishe. Kila ungio la mpira likaze, maana hata pasipovuja mazutu panaweza kuvuta hewa. Kisha toa hewa. Juu ya filta kuna skurubu ndogo. Ilegeze, ubonyeze ile pampu ya mkono. Litatoka povu kwanza, kisha mazutu matupu. Hapo funga.

Mazutu yatamwagika. Weka bido chini yasichafue sakafu. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Rénovat: bido kwanza, spana baadaye. Aliyemwona na bido siku ile alimwona akifanya kazi, Assia. Hakuwa hata karibu na kuiba. Ni nani aliyemwona?

Chukua daftari. Kila ukiiwasha andika: imewaka saa ngapi, imezima saa ngapi, tanki lilikuwa na mazutu kiasi gani. Usiache hilo la tatu.

Mjomba wako,
Huseni

*

Gasenyi
10 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Salaam nyingi kutoka kwa wote. Kesho au keshokutwa tunaanza kufunga, mwezi haujaonekana bado. Mama amenunua ngano ya uji, anasema bei ya sukari itamfunga yeye kabla ya Ramadhani. Mwanasiti amepata namba ya nne darasani, na ameanza kucheka tena, mkono mdomoni.

Nilifanya yote. Kwenye kikombe cha kioo nilikuta maji ya vijiko vitatu na utelezi mweusi kama wa chini ya mtungi. Nikafurahi, nikasema nimempata mchawi. Filta nilizunguka Buyenzi siku tatu mpaka nikaipata. Maungio nimeyakaza yote. Nikatoa hewa kama ulivyosema, povu, povu, kisha mazutu matupu. Yaliniruka mpaka jichoni. Nikabonyeza. Mjomba, ikawaka mara moja! Walinzi wakapiga makofi.

Baada ya dakika kumi na moja ikakohoa, ikazima.

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Mle ndani alikuwamo mama mwenye uchungu, namsikia analia. Nikatoa hewa upya, skurubu ikaniponyoka mara mbili. Ikawaka, na umeme nao ukarudi. Siku ile Mungu alikuwa karibu.

Daftari hili hapa. Tanki limejaa: dakika kumi na moja. Limejaa tena: dakika kumi na tatu. Limefika nusu: saa nzima na dakika kumi. Limebaki robo: saa mbili, nikaizima mwenyewe bila shida. Nimeangalia mara mbili mbili nisije nikawa nimekosea. Ninapoijaza ndipo inapokufa. Docteur anasema nina mkosi. Amesema pia kwamba mtu mwingine akifa, nitamfuata Rénovat.

Orlane, mke wa Rénovat, kila siku asubuhi anakaa kwenye jiwe mbele ya geti letu, ana sufuria ya chakula cha kumpelekea mumewe. Anatazama tu wanaoingia. Mi siku hizi napitia mlango wa jikoni.

Uliniuliza jambo jingine. Nitakujibu nikipata nafasi.

Assia

*

Ujiji
19 Machi 2024

Assia mwanangu,

Funga njema. Huku joto limetukalia na tende zimepanda, lakini Saliha kila magharibi anatuandalia mihogo na samaki, hatuna la kulalamika.

Hukunijibu. Sawa. Kwanza tuiponye mashine.

Nimekaa na daftari lako siku nne. Injini zote nilizozijua zilikufa kwa njaa. Hii yako inakufa imeshiba. Nilijiuliza, tanki lililojaa lina nini ambacho tanki lenye robo halina? Halina nafasi ya hewa. Mazutu yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Hewa isipoingia, tanki linayavuta mazutu yake lenyewe, linakataa kuyatoa. Chukua chupa iliyojaa maji, uiweke mdomoni, unyonye bila kuruhusu hewa kupita. Utanyonya kidogo, kisha ulimi utanasa. Lakini chupa yenye maji kidogo na hewa nyingi utainyonya muda mrefu zaidi. Ndivyo ilivyo gurupu yako. Tanki halipumui.

Na pampu ikishindwa kuvuta mazutu, itavuta hewa kwenye kila ungio lililolegea hata kidogo. Ndiyo maana ikizima haiwaki mpaka utoe povu.

Kifuniko cha zamani cha tanki lile kilikuwa na tundu dogo kama la sindano, ndilo lilikuwa pua yake. Je, kipo bado? Kama wamekibadilisha, niambie nani alikitengeneza, lini, na kama alikuwa na mchoro wa kufuata. Niambie pia kama chini kimewekwa mpira.

Fanya hivi. Lijaze tanki, uiwashe. Ikianza kukohoa, usiguse kitu kingine chochote, fungua kifuniko tu. Weka sikio karibu. Kama nimesema kweli, utalisikia tanki likivuta pumzi. Wewe una masikio, nisikilizie.

Huseni

*

Gasenyi
14 Aprili 2024

Mjomba,

Idi imepita. Tulimshona Mwanasiti gauni la kijani. Mama alikula pilau akalia, akisema mwaka jana ulikuwepo mezani. Nilipaswa kukujibu wiki tatu zilizopita. Tajudini alipita mara mbili na mara mbili nilimwambia barua haijaisha. Haikuwa imeanza.

Nililisikia. Lilivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Nikapiga pampu ya mkono kidogo, injini ikanyooka, ikaenda saa mbili na nusu kifuniko kikiwa wazi, tanki limejaa. Sasa kifuniko nakilegeza kila inapowaka na nakaa hapo hapo kukilinda.

Sasa nikujibu yote, kabla moyo haujageuka.

Kifuniko kilibadilishwa Desemba. Mazutu yalikuwa yanaibwa, docteur akataka kifuniko cha chuma chenye kufuli. Akaleta karatasi yenye mchoro. Kilichomelewa na Shakuru. Mume wangu, mjomba. Mi ndiye niliyemtafutia kazi hiyo. Alifuata mchoro kama ulivyokuwa: chuma, mpira mzito chini, kufuli. Hakukuwa na tundu.

Ufunguo wa kufuli nilipewa mimi.

Na uliuliza ni nani aliyemwona Rénovat na bido. Ni mimi. Nilisema polisi, nikatia sahihi.

Kuna zaidi. Gurupu ilipozima siku ile, Rénovat alikuja mbio mpaka stoo, amelowa mvua.

"Mama Mwanasiti, nipe ufunguo wa tanki! Nataka kutazama ndani."

Nikasema, "Apana. Docteur amesema lisifunguliwe bila yeye."

"Docteur yuko ndani, anapasua mutu! Injini inakosa mazutu!"

"Tanki limejaa, Rénovat. Nimelijaza mi mwenyewe asubuhi. Unataka kulifungua la nini?"

Alinitazama. Hakutukana. Akageuka, akarudi kwenye mvua na spana yake. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge changu, naushika hivi. Kama ningeufungua mkono wangu, tanki lingepumua na Bella leo angekuwa ananyonyesha. Polisi hawakuniuliza habari ya ufunguo, na mi sikuwaambia. Hata Shakuru sikumwambia mpaka barua yako ilipokuja.

Shakuru nilipomweleza alikaa kitandani. Akasema, "Kumbe nimemuua mwanamke wa watu." Kisha akasema, "Assia, usiseme. Toboa tundu, yaishe." Hizo ni wiki tatu sasa. Hali vizuri, hagusi mashine yake ya kuchomelea.

Mjomba, nikisema, nani ataingia kasho? Mimi, au baba wa mtoto wangu? Na nisiposema, Orlane yuko kwenye jiwe lake. Nijibu upesi, kwa ajili ya Mungu.

Assia

*

Gasenyi
2 Mei 2024

Mjomba Huseni,

Salaam. Tajudini amerudi mikono mitupu mara mbili. Anasema ulipokea barua, ukaisoma mbele yake, ukaingia ndani bila kumuaga. Saliha naye kwenye simu anasema uko mzima, unakula kidogo.

Umekasirika? Nitukane, lakini andika. Kunyamaza kwako kunanitisha kuliko docteur.

Wamemtoa Rénovat kasho wakampeleka gereza kubwa. Ana homa. Orlane sasa hakai tena kwenye jiwe mpaka mchana, anaondoka mapema kwa sababu ni mbali kwa miguu. Leo asubuhi nilipita geti kubwa kwa makusudi. Nikamsalimu. Akanijibu vizuri, akauliza mama anaendeleaje. Nilifika stoo nikafunga mlango kwa ndani.

Assia

*

Ujiji
9 Mei 2024

Mpwa wangu,

Sikukasirika. Nilikuwa naogopa, na mzee akiogopa anajificha kama mtoto.

Mwezi niliohamia huku, Docteur Jovithe alikuja kuniaga Buyenzi. Akaniambia, mzee Huseni, mazutu yameanza kuadimika na watu wanayaiba, nifanyeje? Nilifurahi kuulizwa. Nilikuwa nimezungukwa na mabegi, nimeshaambiwa na kila mtu kwamba nimezeeka, na hapa docteur mzima anataka shauri langu. Nikachukua karatasi, nikamchorea kifuniko cha chuma, mpira chini, kufuli juu. Nikamwambia, siku ukitaka, mpe fundi yeyote atakitengeneza.

Sikuchora tundu, Assia. Miaka arobaini! Matanki mengi niliyoyafanyia kazi yana bomba la kupumulia pembeni, kifuniko ukikiziba hakuna neno. Lakini lile tanki nalijua, pua yake ilikuwa kwenye kifuniko. Nililijua na sikuchora, kwa haraka na kwa majivuno.

Nilipokuuliza mwezi wa tatu kama kulikuwa na mchoro, nilikuwa nimeshaanza kujishuku. Uliponijibu, karatasi ile niliiona mbele ya macho yangu kama vile jana. Shakuru hana kosa. Alifuata mkono wa mtu aliyedhani anajua.

Wewe kosa lako unalijua, mimi sitalipunguza wala kuliongeza. Ulishika ufunguo kwa sababu uliogopa bosi. Kisha ulinyamaza kwa sababu uliogopa polisi. Mimi nimenyamaza wiki tatu kwa sababu ya jina langu. Katika muda huo wote, kijana niliyemfundisha kuweka bido chini amelala kwenye saruji na homa.

Usitoboe tundu. Ukitoboa kabla ya kusema, umefuta ushahidi wake. Kiache kifuniko kama kilivyo. Waite watu, lijaze tanki, uwashe mbele yao. Mashine haidanganyi wala haimwogopi docteur. Itasema yenyewe.

Nenda, mwanangu. Usisubiri barua nyingine.

Huseni

*

Gasenyi
26 Mei 2024

Mjomba wangu,

Sisi wazima. Nakuandikia meza ya mama, sufuria ya maharage inachemka, na mara ya kwanza tangu Januari nimekula nikashiba.

Barua yako niliipata Jumatatu ya tarehe 13. Niliisoma, nikampa Shakuru, akaisoma kwa kufuata kidole. Alipofika kwenye jina lake akainuka, akavaa viatu. "Twende," akasema.

Tulianzia kwa Docteur Jovithe. Alisikiliza amesimama, akafunga mlango. "Toboeni kifuniko na mnyamaze," akasema. "Mnataka kliniki ifungwe? Wanawake wa Gasenyi watajifungulia wapi?" Mjomba, lile swali lilinishika, kwa sababu si la uongo. Tukatoka mpaka getini.

Orlane alikuwa anainuka kwenye jiwe, sufuria imefungwa kitambaa. Nikamwendea kabla sijafikiri. Nikamwambia yote: kifuniko, ufunguo, sahihi. Nilidhani atanimwagia kile chakula. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Utayasema haya kwa watu wa parke?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. "Basi twende sasa hivi, kabla hujabadilika."

Parke, pale wanapopeleka mashtaka, tulikaa siku mbili kwenye benchi. Siku ya tatu akatupokea mwanamke mmoja mwenye miwani, akaandika kila neno. Nilipofika kwenye ufunguo aliacha kuandika akanitazama. Nikaendelea. Shakuru akasema, "Aliyechomelea ni mimi." Alhamisi yule mama wa miwani akaja kliniki mwenyewe, na Rénovat akaletwa na polisi wawili, mikono imefungwa. Amekonda, shati lake limekuwa kubwa. Térence, mume wa Bella, aliitwa pia. Alisimama peke yake karibu na ukuta.

Nikajaza tanki mbele yao. Nikafunga kufuli, nikampa yule mama wa parke ufunguo. Nikawasha. Mungu wangu, nilisali izime, mimi niliyesali miezi minne isizime! Dakika tano. Saba. Docteur akaanza kutabasamu. Dakika ya tisa nikajisemea, kumbe tumekosea, leo nalala ndani. Ya kumi ikaanza kukohoa. Kumi na moja na nusu ikazima.

Yule mama akafungua kufuli, akainua kifuniko, na pumzi ile ikasikika mpaka ukutani. Rénovat akapiga magoti, polisi wakamfungua mkono mmoja, akatoa hewa, nikawasha. Ikaenda. Tuliiacha ikaenda mpaka docteur akaomba tuizime.

Térence akasogea. Akauliza, "Alihitaji muda gani? Bella?"

Docteur akatazama chini. "Dakika ishirini zaidi zingetosha."

Térence akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa njia. Akatoka. Nilimfuata mpaka getini, nikasema, mi ndiye niliyeshika ufunguo. Akasema, "Nimesikia." Akaenda zake. Nikabaki nimesimama, na bado nimesimama pale, mjomba.

Jumatatu iliyofuata Rénovat aliachiwa. Alikuja moja kwa moja kwenye gurupu kabla ya kwenda nyumbani. Shakuru alikuwa ameshatoboa tundu na kuweka kibomba kidogo kilichopinda ili maji ya mvua yasiingie. Rénovat akaweka kidole juu ya kile kibomba, akakiondoa, akakiweka tena. Akaanza kulia. Nikadhani ni hasira. Akasema, "Miezi minne nilidhani nilisahau kukaza kitu. Kila siku nilikuwa naifungua na kuifunga kichwani, natafuta ni skurubu gani niliyoisahau."

Hakunisamehe, wala sikumwomba siku ile. Amesema atarudi kazini akipona. Mi nimetolewa stoo, nafua mashuka mpaka parke waamue juu yangu. Nimeitwa tena tarehe kumi. Shakuru pia. Nalala sasa, lakini kila nikiitwa jina kwa sauti nashtuka.

Jambo moja la mwisho. Yule mama aliuliza mchoro ulitoka wapi. Docteur akajibu, "Kwa fundi mmoja wa zamani, ameshahama." Yule mama hakuuliza jina. Akanitazama mimi, nikanyamaza. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Karatasi ya mchoro haijaonekana, Shakuru anadhani iliungua kwenye moto wa kuchomelea. Kwa hiyo kaa kwa amani, mjomba. Hakuna anayekutafuta.

Assia

*

Ujiji
3 Juni 2024

Assia,

Nimefurahi kwa Rénovat mpaka nimemkumbatia Tajudini, akashangaa. Saliha anawasalimu, ila amekasirika nami, utaelewa kwa nini.

Hukupaswa kulinyamazia jina langu, ingawa najua ulinionea huruma. Wewe tarehe kumi utasimama, na mumeo atasimama, kwa kifuniko nilichokichora mimi, na mimi nikae hapa nachambua dagaa? Jina langu halikuulizwa. Nitalipeleka mwenyewe.

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Saliha anasema watanifunga, kiziwi wa miaka sabini na miwili. Huenda. Naogopa, mwanangu. Lakini kabla ya parke kuna mtu mmoja anayestahili kulisikia kwanza.

Njoo unipokee na Shakuru. Usimwambie mama yako nitafika lini, atapika, na tutaanza kula. Tukitoka kwenye basi hatupiti nyumbani. Twende kwanza kwa Térence.

Huseni